Kabla ya Kalamu, Kinywa: Kumtayarisha Mtoto wa Pwani kwa Shule

Novemba ikielekea ukingoni, Malindi hujaa matangazo. Mabango ya akademia hutundikwa kwenye nguzo na kwenye miarobaini, na mafundi wa sare hushona mpaka usiku. Huko Barani, Muyeye na Kisumu Ndogo wazazi huulizana: wako ashajua kuandika jina lake? Ambaye wake hajui hurudi nyumbani na daftari na penseli, na jioni ile ile mtoto wa miaka mitatu na nusu hukalishwa kufuatisha nukta za herufi "a" hadi machozi yamtoke.

Mzazi huyo anampenda mwanawe na hataki aachwe nyuma. Ila ameanzia mwisho. Mtoto aliye tayari kwa shule ni yule anayeweza kusema anachotaka, kusikiliza anachoambiwa, kujihudumia, na kukaa na wenzake bila mama kando. Hayo hujengwa nyumbani, kwa lugha ya nyumbani, katika shughuli za kila siku, na hayahitaji daftari. Akiwa nayo, herufi atazipata kwa muda mfupi. Akiwa hana, hata akiingia darasani anajua herufi zote, atapata taabu kuzitumia.

Ushauri unaofuata ni wa mzazi wa mtoto wa miaka mitatu hadi sita, awe anakaa mjini Malindi, Mtwapa, Kakuyuni au Bamba.

Miaka hii ina uzito gani

Kwa muda mrefu wengi wetu tuliiona nasari kama mahali pa kumweka mtoto mama akienda shamba. Elimu bila malipo iliyotangazwa mwaka 2003 ilianzia darasa la kwanza, nasari ikabaki ya kulipiwa, na wapo waliowaweka watoto nyumbani wakisubiri kuwapeleka moja kwa moja kwenye ile ya bure. Mtoto wa namna hiyo alikalishwa dawati moja na mwenzake aliyekwisha kuzoea mwalimu, foleni na zamu kwa miaka miwili.

Leo mambo yamebadilika, angalau kwenye karatasi. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea, kwa hivyo madarasa ya umma na walimu wake katika Kilifi nzima, kuanzia Rabai hadi Magarini, ni jukumu la serikali ya kaunti. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika Januari 2019, miaka miwili ya chekechea iliwekwa rasmi kuwa ngazi ya kwanza: PP1 mtoto akiwa na miaka 4, PP2 akiwa na 5, kisha Gredi ya Kwanza akiwa na 6.

Je, miaka hiyo miwili ina faida kweli? Ushahidi unaotajwa sana duniani unatoka Ypsilanti, mji wa jimbo la Michigan, Marekani. Kuanzia mwaka 1962 watoto 123 wa familia maskini waligawanywa makundi mawili, moja likapewa chekechea nzuri, jingine likakosa, nao wakafuatiliwa mpaka utu uzima. Katika vipimo vya akili, tofauti ya makundi hayo ilififia mapema. Lakini walipofika miaka 40, waliosoma chekechea walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata mapato makubwa zaidi, na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Kilichodumu kilikuwa tabia: kuvumilia, kupanga, kumaliza kazi waliyoianza.

Tuna ushahidi wa karibu zaidi. Miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan msaada wa kuinua elimu ya watoto wao. Kazi ikamwangukia mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, na mwaka 1986 zikaanza chekechea ndani ya madrasa: dini, Kiswahili na mchezo chini ya paa moja, walimu wakiwa wanawake wa mtaa huo huo waliopewa mafunzo, na vifaa vikitokana na vilivyopo, kama vifuu, makombe na vitambaa. Mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Utafiti wa nchi zote tatu uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto waliokwenda chekechea yoyote walifanya vizuri kuliko waliobaki nyumbani, na waliosoma katika chekechea za mpango wa madrasa walikuwa mbele ya wote. Vifuu na makombe havikuwarudisha nyuma.

Utayari unaonekana wapi

Weka daftari kando, umtazame mwanao kwa wiki moja. Mtoto anayekaribia miaka minne na ambaye shule haitamshinda huwa anaweza mengi kati ya haya:

- Kwenda choo mwenyewe, kujisafisha kwa msaada mdogo na kunawa mikono.
- Kula mwenyewe, kufungua chupa yake ya maji, kuvaa na kuvua viatu.
- Kutaja jina lake kamili, jina la mama au baba, na mtaa au kijiji anakokaa.
- Kufuata maagizo mawili yaliyofuatana: "Chukua kikombe, umpelekee bibi."
- Kueleza jambo lililompata bila wewe kumtafsiria.
- Kubaki na shangazi au jirani saa chache bila kulia muda wote.
- Kungoja zamu, hata kama ananung'unika.
- Kukimbia, kuruka, kupanda ngazi, kushika vitu vidogo kwa vidole.

Orodha hii si mtihani. Mtoto mmoja husema mapema na kuchelewa kuvaa viatu, mwingine kinyume chake. Itumie kujua wapi pa kutia nguvu. Akina mama wengi wa kwetu huwafanyia watoto kila kitu kwa mapenzi, hasa mtoto wa kiume na kitinda mimba: analishwa, anavishwa, anabebewa mkoba. Januari inapofika, mwalimu ana watoto wengi na mikono miwili. Mtoto asiyeweza kufungua suruali yake ataaibika mbele ya wenzake, na aibu hiyo itamfanya aichukie shule kabla hajaona herufi hata moja. Kwa hivyo mnunulie kaptura ya mpira na viatu vya kubandika, umwache ajivalishe, hata mkichelewa.

Maneno kwanza

Kama ni jambo moja tu utakalolifanya baada ya kusoma makala haya, zungumza na mwanao. Kumwamrisha tunakuweza sote: njoo, kaa, nyamaza, usiguse. Mazungumzo ni pale mtoto anaposema, wewe ukamjibu, naye akapata la kuongeza.

Chukua mfano wa asubuhi kwenye bandari ndogo ya wavuvi ya Mayungu. Mashua zimerudi, baba anapanga samaki mafungu, na mwanawe amechutama kando.

"Baba, huyu ana miiba!"

Baba anaweza kusema, "Nyamaza, niko kazini," yakaishia hapo. Au anaweza kusema:

"Ehe, huyo ni tafi. Mwiba wake unachoma, usimshike mgongoni. Na yule changu, naye anao? Hebu mtazame."

"Anao."

"Haya basi, nipangie mwanangu. Tafi huku, changu kule. Kila fungu watano."

Mtoto anapanga, anahesabu kwa kidole, anafika fungu la mwisho, anasita.

"Baba, hili halikutimia."

"Limepungua wangapi?"

"Mmoja."

Mazungumzo hayo hayamalizi hata dakika tano. Ndani yake mtoto ametazama, ametofautisha, ameainisha, amehesabu na amegundua upungufu. Hizo ndizo shughuli za hisabati zinazofundishwa PP1. Baba hakununua kitu, na mafungu yake yamepangwa.

Nafasi za namna hii zimejaa majumbani mwetu. Mchele ukichambuliwa, mpe mtoto ungo mdogo atafute mawe. Mahindi yakipukuchuliwa, mwambie ajaze kifuu kimoja, halafu akisie vifuu vingapi vitajaza sufuria. Leso zikikunjwa, aseme zipi zimefanana pindo. Mkiwa kwenye matatu ya Watamu, mwulize mmepita nini kwanza, mnara wa simu au msikiti. Mtoto wa Gede anaweza kuhesabu mibuyu njiani, na wa Mida akajua maji yakijaa mikoko inafika wapi. Kazi hizi pia hufunza vidole. Mtoto aliyezoea kupukuchua, kufungua vifundo na kufinyanga udongo atakapopewa kalamu ataishika bila kuikaba.

Swali linaloulizwa sana ni la lugha. Nyumbani ni Kigiriama au Kichonyi, mtaani Kiswahili, na bango la shule linasema Kiingereza. Wazazi wengine huacha lugha waliyonayo, wakaanza kumsemesha mtoto Kiingereza cha kubahatisha: sit, come, eat. Matokeo yake mtoto hupata maneno machache makavu badala ya maelfu yenye uhai. Msemeshe kwa lugha unayoweza kuitania, kuikasirikia na kuitungia hadithi. Mtaala wenyewe unataka watoto wa chekechea hadi Gredi ya Tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, kwa sababu mtoto hujifunza kusoma kwa maneno anayoyajua tayari. Kiingereza kitakuja kama somo, na kitapata pa kushika.

Turudishe pia hadithi za usiku. Bibi akisema "Paukwa!" na wajukuu wakaitika "Pakawa!", pale pale wanafundishwa kungoja, kusikiliza na kukumbuka. Mkimaliza, msilale mara moja. Uliza: Sungura alikosea wapi? Wewe ungefanyaje? Kesho yake mwambie mtoto ndiye asimulie. Vitendawili navyo vinamfunza kushika wazo moja kichwani huku akitafuta jingine, na hilo ndilo atakalolifanya atakaposoma sentensi.

Na simu? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Saa hiyo ikiwepo, chagua kitu chenye manufaa. Akili and Me, katuni za shirika la Ubongo la Tanzania, zimetengenezwa kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, na tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure za Kiswahili ambazo unaweza kumsomea kwenye simu hiyo hiyo. Ila keti naye. Simu anayoachiwa peke yake ili anyamaze haimfunzi kusema.

Mwili nao uingie darasani

Hapa Kilifi tuna bahati ya kuwa na utafiti wa watoto wetu wenyewe. Kituo cha KEMRI-Wellcome Trust kimekuwa mjini Kilifi tangu mwaka 1989, na huko ndiko Profesa Amina Abubakar na wenzake walikotengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wachanga na wadogo kinachotumia mambo yanayojulikana hapa. Kipimo hicho kinajulikana kwa jina la Kilifi. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2008, waliwapima watoto 204 wa Pwani wenye umri wa wastani wa miezi 29. Waliona kwamba umaskini wa nyumbani haukugusa ukuaji wa mtoto moja kwa moja. Ulipitia mwilini: nyumba maskini, mtoto mwenye uzito na kimo kidogo, kisha ukuaji uliochelewa.

Kwa mzazi, maana yake ni hii: kipato chako huenda usikibadilishe mwaka huu, lakini sahani ya mtoto una uwezo nayo kiasi. Chai ya rangi na andazi hujaza tumbo mpaka saa tatu tu. Mahamri kwa mbaazi za nazi ni kiamsha kinywa bora zaidi, na uji wa wimbi uliotiwa simsim au njugu za kusagwa ni bora pia. Mchicha, kunde, kisamvu, yai mara kwa mara, na samaki wadogo wanaoliwa pamoja na miba yao vinamjenga mtoto kuliko soda na biskuti zinazogharimu pesa hizo hizo. Ndiyo, yapo majira Ganze na Magarini ambapo mvua imekataa na hakuna cha kuchagua. Hapo uji wa shule ndio nguzo. Kama shule ya kwenu haina, hiyo iwe ajenda ya kwanza ya mkutano wa wazazi, hata kama kila nyumba italeta kibaba cha unga na kuni mbili.

Mengine ya mwili ni mepesi kutajwa na mazito yakisahauliwa. Toa kitabu cha kliniki uone kama chanjo zimekamilika. Matone ya vitamini A hutolewa kila miezi sita mpaka mtoto atimize miaka mitano, lakini wengi huacha kwenda kliniki baada ya chanjo ya surua. Dawa za minyoo hutolewa shuleni chini ya mpango wa taifa ulioanza mwaka 2012, nao watoto wa chekechea wamo. Chandarua kitumike kila usiku, kwa kuwa watafiti wa Kilifi wamethibitisha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria kali iliyopanda kichwani hubaki na matatizo ya usemi, ya kumbukumbu, au kifafa. Mwanao akiwa amepitia hayo, mwambie mwalimu mapema, asije akamwita mvivu.

Usingizi nao. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji jumla ya saa 10 hadi 13 za kulala kwa siku, ukihesabu na za mchana. Harusi na tamthilia za usiku hazimfai mtu wa kuamka alfajiri. Anza kumlaza saa mbili usiku wiki kadhaa kabla shule hazijafunguliwa.

Mwisho, macho na masikio. Simama nyuma yake, umwite kwa sauti ya chini. Mwonyeshe bodaboda iliyo mbali, umwulize imebeba watu wangapi. Ukiwa na shaka, au mtoto akichelewa sana kusema au kutembea, nenda kituo cha tathmini ya elimu, kinachojulikana kama EARC. Watoto hupimwa huko, na mzazi hushauriwa kuhusu shule inayomfaa mtoto. Mtoto kiziwi, kwa mfano, ana shule yake Kibarani, Kilifi, na akianza mapema lugha ya ishara humjia kama lugha nyingine yoyote. Kumficha ndani kunampotezea miaka ambayo ubongo wake uko tayari zaidi.

Kuichagua nasari

Wengi huchagua kwa jina, rangi ya basi au Kiingereza cha mkurugenzi. Mimi nakushauri uende mwenyewe, siku ya kawaida, saa nne asubuhi, ukae nusu saa.

Anza na umbali. Mtoto wa miaka minne anayeamshwa saa kumi na moja ili atiwe kwenye tuktuk na wenzake tisa azungushwe mji mzima, hufika darasani amechoka. Chekechea ya kaunti anayoweza kuifikia kwa miguu, akishikwa mkono na dada, mara nyingi itamfaa kuliko akademia ya mbali.

Kisha tazama choo. Je, kiko safi, tundu lake linamfaa mtoto mdogo, na maji ya kunawa yapo? Tazama ukuta: umejaa kazi za watoto au mabango ya kununua? Tazama vifaa: kuna visoda, vifuu, mbegu za ubuyu, vibao, mchanga? Mtazame mwalimu. Akisema na mtoto, huinama mpaka usawa wa macho yake? Anawaita kwa majina? Watoto wanaimba, wanaulizana, wanajenga, au wamekunja mikono wakikariri kwa kelele? Na bakora, iko mezani? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya kumwumiza mwanafunzi mwili au nafsi, na mtoto anayechapwa kwa kukosea herufi hujifunza kunyamaza tu.

Sheria hiyo hiyo hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kuamua kama ataingia, ila kama ni wa kujua awekwe ngazi gani. Shule inayomfanyia mtoto wa miaka mitatu na nusu intavyuu na kumkataa inakwambia jinsi inavyowaona watoto. Ada yoyote utakayotozwa, dai stakabadhi.

Usipime nasari kwa kurasa za daftari. Mwalimu anayejua kazi yake anaweza kumaliza wiki mbili bila mtoto kuandika kitu, huku akimfunza mengi kwa nyimbo, ukuti, kuruka kamba na kupanga makombe kwa ukubwa. Wazazi ndio huwasukuma walimu watoe kazi ya kuandika nyumbani, kisha tunalalamika watoto wanalia. Ukimwona mwalimu, mwulize: mwanangu anacheza na nani? Akigombana hufanya nini? Anauliza maswali? Majibu ya hayo yatakuonyesha kama anamjua.

Kwa wazazi Waislamu kuna suala la chuo. Ni jambo jema mtoto kuanza kusoma Qur'ani akiwa mdogo, na kuhifadhi humjengea kumbukumbu na usikivu. Lakini chuo alfajiri, nasari mchana kutwa, na chuo tena alasiri ni siku ndefu kuliko umri wake. Kama karibu yenu kuna chekechea inayounganisha yote mawili, itamfaa. Kama haipo, zungumza na maalim na mwalimu wa nasari mpange saa zake, apate kulala na kucheza.

Karatasi na wiki ya kwanza

Cheti cha kuzaliwa kitafute mapema. Aliyezaliwa hospitalini ana karatasi ya taarifa kutoka huko, na aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia kwa naibu wa chifu. Ikipita miezi sita bila kusajiliwa, makaratasi huongezeka, basi usingoje Januari foleni zikafika barabarani. Hata hivyo, kukosa cheti si sababu ya kumfungia mtoto ndani. Sheria inakataza shule ya umma kumkataa mtoto kwa kukosa uthibitisho wa umri. Mpeleke, huku ukiendelea kukitafuta.

Kabla ya shule kufunguliwa, mpitishe pale mara mbili tatu. Aone lango, choo na mti wa kivuli, na ikiwezekana amwamkie mwalimu. Siku ya kwanza mwambie ukweli: "Nitakuacha hapa na mwalimu, utakula uji, utacheza, halafu nitakuja kukuchukua." Kisha aga, uondoke. Kutoroka akigeuka upande humfunza kwamba mama hupotea ghafla, na kesho atakung'ang'ania maradufu. Akilia siku nne tano, hilo ni la kawaida, na kipande cha leso yako mfukoni kinaweza kumtuliza. Akiendelea wiki nyingi, au akianza tena kukojoa kitandani, au akikataa kumkaribia mtu fulani, mchunguze kwa upole na uende shuleni kuuliza.

Akirudi, usimpokee kwa "Umeandika nini?" Mwulize nani alimchekesha. Akina baba, hili linawahusu pia. Mtoto anayepelekwa na baba hata mara moja kwa wiki huona kwamba shule ni jambo la nyumba nzima.

Aliyechelewa, na shule yenyewe

Pengine wako ana miaka sita au saba na hajaona mlango wa nasari, labda kwa sababu ya ukame, kuhama, au mama kufanya kazi machimboni. Bado ana nafasi. Zungumza na mwalimu mkuu na mwalimu wa Gredi ya Kwanza kabla ya muhula. Waeleze wazi kwamba hakupita chekechea, waulize watamsaidiaje, na ukatae asirundikwe nyuma ya darasa. Miezi iliyobaki itumie kwa yale ya orodha ya juu, hasa mazungumzo, hadithi na kujihudumia. Mtoto mkubwa hushika haraka akipewa subira.

Na shule nayo iwe tayari kumpokea mtoto. Mzazi peke yake hawezi kujenga choo wala kuajiri mwalimu wa pili. Bajeti ya kaunti haipitishwi kisheria bila wananchi kushirikishwa, na mikutano hiyo hutangazwa kila mwaka. Wengi huenda kuulizia barabara na basari. Nenda nawe umwulize mwakilishi wadi mbele ya watu: chekechea ya kijiji chetu ina watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Maji yapo? Uji umetengewa fedha, na zilifika? Chukua majibu kwa maandishi, na mwaka ukifuata rudi nayo pale pale uyasome.